Baada ya Ufunguo: Niliyojifunza Nikiwasindikiza Vijana Waliokuwa Wakilala Mwaloni Kigoma

Tangu kikundi chetu cha kinamama kianze kuwapangia vyumba vijana waliokuwa wakilala mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki, swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: hela ya kodi mlitoa wapi? Wanaouliza wana nia njema. Wamemwona kijana amejikunja juu ya magunia alfajiri, roho imewauma, na fikra zimekwenda moja kwa moja kwenye chumba. Lakini kodi ndiyo iliyotusumbua kidogo kuliko vyote. Katika vijana waliopitia mikononi mwetu kisha wakarudi kulala nje, hakuna aliyerudi kwa kukosa kodi ya mwanzo. Walirudi mwezi wa pili, mwezi wa tatu, ufunguo wakiwa nao mfukoni. Naandika ili atakayetaka kuanza kesho, awe hapa Kigoma, Tabora au kwingine, ajue mapema uzito wa kazi uko wapi.

Mimi ni mama lishe. Genge langu liko njia ya kushukia mwaloni, na wateja wangu wakubwa ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na vijana wa kubeba. Kigoma ndiko reli ya kati inakoishia. Tangu mwaka 1914 treni inashusha watu hapa baada ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mbele ya stesheni ni Ziwa Tanganyika. Kijana aliyeondoka kwao bila mpango akifika hapa hana tena pa kuendelea. Wapo wanaotoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe, wamesikia ziwani kuna hela ya haraka. Wapo wanaorudi kutoka Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, walikopelekwa kulima tumbaku na mawakala walioahidi malipo mwisho wa msimu. Msimu unaisha, tajiri anakata chakula, anakata dawa, anakata nauli ya kuja, na kinachobaki hakimtoshi mtu kurudi kwa mama yake na hata kitenge kimoja cha kumpa. Huyo haendi kijijini. Anapitiliza hadi mwisho wa reli.

Nilianza kuzungumza nao Ramadhani moja. Jioni nilikuwa napika uji wa futari na mihogo, na kinachobaki nawaita wale. Walikula kimya na kuondoka. Zikapita siku, mmoja akabaki kuosha vyombo bila kuombwa. Huyo ndiye wa kwanza, na humu nitamtaja kama kijana wa Kibondo tu. Alinipa jina lisilo lake na umri usio wake. Alisema ana miaka 20, kumbe alikuwa na 16. Sikumbana. Mtoto aliyelala nje amekwisha kuhojiwa na mgambo, na walinzi wa maduka, na watu wazima wenye shida zao, na amejua kwamba kila jibu lina gharama yake. Jina la kweli lilikuja siku alipoanguka na malaria, zahanati wakataka kuandika kadi. Nawaambia wenzangu wanaoanza: chakula kwanza, maswali baadaye, na usitoe ahadi ambayo hujajua kama utaiweza. Ukivunja moja, vijana wote wa mwaloni watakuwa wamejua kabla jua halijazama.

Umri ni jambo la kulijua kabla hujafungua mlango wako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama anavuta nyavu na watu wazima na ndevu zimeanza kuota. Mtoto huwezi kumchukua ukakaa naye kwa kuwa tu umemwonea huruma. Huenda kwao wanamtafuta. Wapo pia watu wabaya wanaojificha nyuma ya huruma hiyohiyo, na mamlaka haziwezi kukutofautisha nao kwa kukutazama usoni. Njia yake ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, nao wakufikishe kwa afisa ustawi wa jamii. Kama mtoto amepigwa au ameingiliwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukikwama usiku na hujui umwone nani, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikati hela.

Sisi tulikwenda mimi, mume wangu na kijana mwenyewe. Nasisitiza hilo la mwenyewe, kwa sababu nimeona watu wakienda ofisini kumzungumzia mtoto huku wamemwacha nje kwenye benchi, naye anadhani anauzwa. Afisa aliongea naye peke yake kwanza. Baadaye tukaelezwa utaratibu wa familia za kuaminika, yaani watu wanaochunguzwa na ustawi wa jamii kisha kuruhusiwa kukaa na mtoto kwa muda wakati ndugu zake wanatafutwa. Tukajaza fomu, wakaja nyumbani kuona atalala wapi, wakawauliza majirani habari zetu. Ilichukua muda kuliko nilivyotaka. Nilinung'unika sana siku zile, maana mtoto bado alikuwa analala chini ya vichanja vya kuanikia dagaa na mvua zilikuwa zimeanza. Leo nashukuru kila karatasi. Mzee mmoja alipokuja kutangaza genge zima kwamba nafuga watoto wa watu ili wanifanyie kazi bure, nilimwonyesha barua, akanyamaza.

Kosa lililotuumiza kikundi kizima lilikuwa la haraka. Alikuwapo mtoto mwingine, wa vijiji vya Kasulu, mdogo kuliko yule wa kwanza. Alilia anataka kwa mama yake. Tukachanga nauli, tukamnunulia shati na sukari ya kumpelekea mama, tukampandisha gari asubuhi. Tulirudi makwetu tunajipongeza. Hatukupita ustawi wa jamii kwa sababu tuliona ni kumcheleweshea mtoto furaha. Haukupita muda mrefu akarudi mwaloni, ana alama za fimbo mgongoni. Baba wa kambo ndiye aliyemfukuza mara ya kwanza, na hatukuwahi kumuuliza.

Siku hizi hatumrudishi mtoto mpaka tupate majibu ya mambo machache. Nani alimfukuza au alimkimbia nani? Huyo mtu bado yuko ndani ya nyumba? Nani kwao anampenda kwa dhati, bibi, shangazi, mjomba? Atalala wapi, na nani atatupigia simu wiki baada ya wiki kutuambia yuko au ameondoka? Mtu mzima anatangulia kwenda kuongea kabla ya mtoto kupelekwa, na afisa wa huko anajua. Mtoto yule wa Kasulu hatimaye alikwenda kuishi kwa shangazi yake Mwandiga, mama akawa anakuja kumwona hapo. Hakuna aliyekuwa amefikiria shangazi, kwa sababu sote tulikuwa tumeshikilia kwamba nyumbani ni kwa mama tu.

Niongeze moja linalohusu mkoa wetu. Ukikuta kijana ametoka kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, usimfiche kwa kudhani unamlinda. Mkimbizi anayetoka kambini bila kibali anaweza kukamatwa, na wewe uliyemficha ukamwongezea matatizo. Mpeleke ustawi wa jamii, wao wana njia ya kuwasiliana na wahusika wa kambi, hasa kama ni mtoto aliyepotezana na wazazi.

Sasa chumba. Vyumba tunawapangia waliotimiza miaka 18, na kijana wa Kibondo alipofika umri huo naye alitaka kwake. Wenye nyumba walitukatalia mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanamjua sura, wameshamwona analala nje ya maduka. Aliyekubali alitaka mdhamini mwenye kazi inayojulikana na kodi ya miezi sita. Tukambembeleza mpaka miezi mitatu. Kwa bei za wakati ule chumba kisicho na umeme kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hivyo 60,000 za kuanzia. Godoro dogo 55,000. Chandarua 10,000, na usikiruke, maana malaria ya kwetu humrudisha mtu mwanzo akiwa ameshaanza kusimama. Jiko la mkaa, sufuria mbili, ndoo, sahani na kufuli, kama 30,000. Haikufika laki mbili, ikatoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kufuli tulimwachia achague mwenyewe, na ufunguo wa pili alibaki nao yeye, hatukuuchukua.

Usiku wa kwanza hakulala ndani. Wala wa pili. Mwenye nyumba alituambia kijana wenu anaondoka usiku na kurudi alfajiri, nikadhani ni wizi. Niliumia, na baadhi ya wenzangu wakasema ndiyo shukrani zao hizo. Kijana mwingine ndiye aliyetufungua macho. Huko nje, alisema, tunalala tumepangana, na mmoja anakuwa macho. Ukikoroma kuna anayekusikia, ukishikwa na homa kuna anayekuamsha. Ndani ya kuta nne peke yako, mlango umefungwa, hata ukifa nani atajua? Kijana wa Kibondo alikuwa anarudi mwaloni kulala kwa sababu kule ndiko alikoweza kupata usingizi.

Tangu hapo tulibadilisha mpango. Tunawaweka wawili wawili, waliochaguana wenyewe. Tunatafuta chumba kwenye ua ambao mwenye nyumba anaishi humohumo, ikiwezekana mama mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo kila asubuhi na kuuliza umeamkaje. Kila jioni mmoja wetu anapita, si kukagua, anapita tu: mmekula nini leo? Kijana ambaye kuna mtu atakayegundua asiporudi, anarudi. Sijui kuliweka vizuri zaidi ya hivyo, na kama msomaji atachukua jambo moja tu kwangu, achukue hili. Panga kwanza nani atapita jioni, ndipo ulipe kodi.

Kisha marafiki. Ndani ya wiki chache chumba cha watu wawili kilikuwa na sita. Mwenye nyumba akaja juu, choo kinajaa, maji yanaisha, kelele usiku. Rahisi kumwambia kijana awafukuze. Lakini hao ndio waliomgawia kipande cha mkate siku aliyokuwa hana, ndio waliombeba hadi zahanati. Kuwafungia mlango ni usaliti kwake, na hakuweza. Dawa iliyosaidia ni kumpa neno la kusema: mama amekataa. Lawama ikaja kwangu, nikaipokea. Tukakubaliana mgeni alale usiku mmoja na mwenye nyumba aambiwe, na wale wengine wakawa wanakula gengeni kwangu jioni ili urafiki usife kwa sababu ya chumba. Wawili kati yao tuliwapangia baadaye.

Nikija kwenye hela, lazima nieleze mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika ni wa usiku, na ni wa taa. Wavuvi wanawasha karabai au taa za sola, dagaa wanafuata mwanga, wanavutwa na wavu. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza ambazo mwalo unawaka hela, na siku za mbalamwezi ambazo hata wa kubeba hana cha kubeba. Mtu mwenye familia anajua kujibana. Kijana wa mwaloni amezoea kwamba hela isiyoliwa leo itaibiwa usiku, hivyo anaimaliza. Siku za giza anakula migebuka kwa mawese, ananunua viatu, anawanunulia wenzake. Siku za mbalamwezi anadaiwa kodi, anaona aibu kukutana na mwenye nyumba, na anachofanya ni kukimbia chumba. Karibu wote waliotutoka walitutoka mbalamwezi. Ilitupita machoni muda mrefu, tukidhani ni tabia, mpaka mwenzetu mmoja anayeanika dagaa alipoangalia daftari akasema, mbona hawa wote wanaondoka mwezi ukiwa mpevu?

Basi tukageuza. Kodi hailipwi tarehe moja, inalipwa siku za giza, kidogo kidogo kila asubuhi mitumbwi inapoingia, mpaka itimie. Kila kijana ana ukurasa wake kwenye daftari la kikundi, anaweka sahihi au dole gumba mwenyewe anapoweka na anapotoa. Mbalamwezi tunatafuta kibarua cha nchi kavu: saidia fundi, kupasua kuni, kubeba maji, kusomba mchanga. Hela yake ni ndogo, lakini mtu anaamka akiwa na pa kwenda.

Mwaka 2024 tulipimwa kweli. Serikali ilifunga shughuli za uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sibishani na sababu, kila mtu mwaloni alikuwa ameona samaki wanavyopungua. Lakini miezi mitatu ya mwalo uliokufa ni mingi kwa mwenye akiba ya wiki moja. Genge langu lenyewe lilibaki na wateja wachache, nikawa napika nusu. Wenye nyumba watatu walikubali kusubiri kwa sababu tuliwaendea kabla ya kufunga, tukawaeleza, tukawalipa kiasi mapema. Mmoja alikataa, na vijana wake wawili walirudi nje. Mmoja wao amepanda treni na hatujui yuko wapi. Nilimtafuta, nilimpigia kila niliyedhani anamjua. Bado namtafuta.

Kama unaishi ukanda wa ziwa, weka ratiba ya kufunga uvuvi kwenye mpango wako tangu Januari. Anza kuweka pembeni mapema, na zungumza na wenye nyumba kabla shida haijafika mlangoni kwao.

Karatasi zinachosha kuliko vyote, na kwa Kigoma zina uzito wa peke yake. Tuko mpakani. Mtu wa kwetu akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, wapo wanaomdhania Mrundi, hata kama babu wa babu yake amezikwa Kasulu. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa wala wa kumsemea anaweza kuhojiwa uraia akashindwa kujibu jina la kitongoji cha bibi yake. Bila kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, hawezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, kwa hiyo hela yake inakaa kwenye simu ya mtu mwingine, na wengi wamedhulumiwa hapo. Hawezi kufungua akaunti. Kazi ya ulinzi hapati.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambacho huombwa kupitia ofisi ya wilaya. Kwa mtu aliyekwisha kukua wanataka ushahidi: kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, vitambulisho vya wazazi. Cheti cha shule kimewaokoa wengi wetu. Kijana wa Kibondo alikuwa ameishia darasa la sita, hivyo hakuwa nacho, lakini shule aliyosoma ilikuwa bado na jina lake kwenye rejesta, na mwalimu mkuu akaandika barua. Safari ile ya Kibondo ilituchukulia nauli na siku za kazi, nami nasema ilistahili. Bibi yake alikuwa hai. Alimshika mikono yote miwili hakumwachia mpaka chakula kilipoiva. Kwenye NIDA mchukue mtu mzima wa ukoo anayeweza kujibu maswali ya uhamiaji, na kijana aende akiwa ameyajua majina ya babu na bibi pande zote mbili, kijiji, kata na tarafa. Na nakala za kila karatasi zikae kwa mtu mwenye paa lisilovuja.

Wasichana hutawaona barazani. Ukipita usiku utahesabu wavulana watupu, ukadhani wasichana hawana shida hiyo. Wapo. Wanalala jikoni kwa watu walikokuwa wakifanya kazi za ndani, wanalala baa, wanalala kwa mwanaume wasiyempenda kwa sababu ana chumba. Binti wa kwanza kutufikia alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani tangu mdogo, alipopata ujauzito akapewa nauli ya treni na kuambiwa aende kwao. Kwao hakuthubutu. Alikuwa na miaka 19. Kwa binti mambo yote yalifanywa na wanawake, tukampa chumba ndani ya ua wa bibi mmoja Gungu, si chumba cha kando chenye mlango wa barabarani. Hilo la mlango lisikupite, watu wenye nia mbaya wanajua upesi kwamba kuna binti anayeishi peke yake.

Na kama binti, au mvulana, amebakwa, hospitali kwanza. Kwetu ni Maweni. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, na nguo alizokuwa amevaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Nenda naye, kaa naye, usimwache asimulie mara tatu kwa watu watatu akiwa peke yake.

Binti huyu alijifungua salama. Tulimwambia kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule. Alisikiliza, akasema hataki darasa, anataka cherehani. Baadhi yetu tulivunjika moyo, maana tulikuwa tumeshamwona kichwani amevaa sare. Lakini maisha ni yake. Sasa anashona sare za wengine, na mwanawe anatambaa chini ya meza.

Kuhusu ufundi niseme kwa ufupi. VETA ipo hapahapa Kigoma na ni njia nzuri kwa anayeweza kukaa darasani. Wengi wa vijana wetu wameanza kwa fundi wa mtaani: seremala, fundi pikipiki, fundi uashi. Kinachowashinda ni chakula cha mchana. Mwanafunzi wa fundi halipwi, na saa saba njaa inamkumbusha mwaloni. Kwa hiyo sisi tunalipia chakula, siyo ada. Ipo pia mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na akaunti ya benki, ndiyo maana nimesema karatasi kwanza. Usiwasukume vijana wasiojuana vizuri waunde kikundi ili wapate mkopo tu. Mmoja akitoroka na sehemu yake, waliobaki wanadaiwa na urafiki umekufa.

Wapo waliotushinda. Kijana aliyezoea gundi na bangi tangu utotoni hatoki kwa maneno ya mama lishe. Tulimpeleka hospitali, akahudhuria kidogo, akaacha. Alivunja kufuli la mwenzake, akachukua hela ya kodi. Nilikasirika kiasi cha kutomtazama alipopita. Mume wangu ndiye aliyeendelea kumsalimia, na siku alipokatwa na chupa, kwa mume wangu ndiko alikokimbilia. Hajaacha gundi. Anakuja kula. Kwa sasa hapo ndipo tulipo naye, na sitadanganya kwamba ni zaidi ya hapo.

Na nyumbani kwako patachoka. Wanangu walilalamika kwamba mama ana muda na watoto wa mwaloni kuliko wao, na walikuwa na haki. Tulipanga Jumapili jioni ni ya nyumbani, simu yangu anaishika mwenzangu wa kikundi. Usifanye kazi hii peke yako. Mkiwa watano mnapokezana, mmoja akiuguliwa wengine wanapita jioni. Wengi niliowaona wakianza peke yao, kwa moyo mkubwa, walikuwa wamezima kabla mwaka haujaisha, na vijana waliowategemea wakaachwa kwa mara ya pili.

Kijana wa Kibondo sasa anajilipia kodi, ana fundi wake wa uashi, na yeye ndiye anayepita jioni kwenye vyumba vya wadogo zake. Ana mdogo wake wa damu aliyeko Kaliua kwenye tumbaku, wa miaka 15, na anataka kumfuata. Tumemwambia asiende kumtorosha usiku kama alivyokuwa amepanga. Afisa wa hapa anawasiliana na mwenzake wa huko, ili mtoto aondoke kwa njia inayojulikana na malipo yake yadaiwe.

Katika kulifuatilia hilo tumegundua kwamba upande wa Tabora hatuna mtu. Vijana wengi wanaotufikia wamepandia treni Kaliua au Urambo masoko ya tumbaku yanapomalizika, hawana kitu mfukoni, wamekaa stesheni muda bila mtu kuwauliza wanakwenda wapi. Ukiwa unaishi karibu na stesheni hizo na una kundi la watu wachache wanaoweza kupokezana, anzeni hapo, msimu wa malipo. Jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa ustawi wa jamii kwanza. Wapeni chakula, waulizeni kwao ni wapi na nani kwao wanamwamini. Anayetaka kurudi kijijini apigiwe simu ndugu yake kabla treni haijafika, na aliye chini ya miaka 18 asipande peke yake.